Ule 'Mchanga' Kwa Muvi za Kitambo: Ukiufuta, Unafuta na Sura ya Mtu

Sato jioni, Leparua. Kwa wale hamjui ni wapi, hii ni Isiolo, jirani ya Lewa, pande za wafugaji. Nilikuwa nimepanda boda kutoka Isiolo tao kuenda kuona beshte yangu wa koleji. Tulianza masomo pamoja, mimi nikaachia njiani, yeye akamaliza. Hiyo ni story ya siku ingine.

Usiku tukaishia kwa kibanda cha vidio. Mabati, sola moja kwa paa, betri ya gari, TV ya inchi 32, mabenchi ya mbao. Kuingia ni mbao, yaani shilingi 20, na watoto wakikaa chini wanaingia bure. Mwenye kibanda akachomeka flash, akaweka Predator ya Arnold Schwarzenegger, ile ya 1987.

Haijaisha dakika tano, kijana mmoja akaruka: "Mzee, hii iko na mchanga. Weka ile ingine safi!"

Kumbe kwa flash kulikuwa na Predator mbili. Mzee akabadilisha. Hiyo ya pili ilikuwa safi kweli. Anga laini, majani yanang'aa, hakuna kitu kinatetemeka kwa skrini. Watu wakatulia. Halafu kamera ikaenda karibu na nyuso za wale askari, na msee mmoja nyuma akauliza kwa sauti: "Kwani hawa ni watu ama ni zile sanamu za kuuza nguo?"

Kibanda kikagawanyika mara mbili. Wengine wanataka mchanga, wengine wanataka usafi. Nikajua hii lazima niandike, juu hiyo kesi ya Leparua ndiyo hiyo hiyo inachoma mashabiki wa muvi dunia nzima saa hii. Na mimi niko upande wa mchanga. Wacha nikuambie kwa nini.

Huo mchanga ni nini?

Wengi wetu tulikua na TV ya mgongo mkubwa. Aerial ikigeuka kidogo, chenga zinajaa kwa skrini. Mtu anatumwa nje kuzungusha mlingoti huku wengine wanapiga kelele, "Hapo hapo! Hapana, rudisha!" Tangu hapo, kichwa yetu inajua kitu moja: vidotidoti kwa picha ni shida ya signal.

Lakini mchanga wa muvi za kitambo haukuletwa na signal. Kabla ya kamera za dijitali, muvi ilipigwa kwa utepe wa filamu. Huo utepe umepakwa chembe ndogo sana za chumvi ya fedha, fedha ile ya madini, hapana doo. Mwanga ukigonga chembe, inabadilika. Ukiosha filamu na kemikali, zile zimegongwa ndizo zinaunda picha. Kwa filamu ya rangi, fedha inatolewa mwishoni na mahali pake panabaki vidoa vidogo vya rangi.

Kwa hivyo zile chembe hazijakaa juu ya picha kama vumbi kwa kioo cha gari. Picha yenyewe imejengwa na hizo chembe. Nyusi ya mtu, jasho, kovu, shanga, vyote ni chembe zimepangana. Ukiamua kuzisugua zitoke, hakuna picha ingine safi imejificha chini yake inakungoja.

Na si kila filamu iko na chembe sawa. Filamu ya kupigia mahali pa mwanga kidogo inahitaji chembe kubwa ndio ishike mwanga, so mchanga unaonekana zaidi. Predator ilipigwa msituni huko Mexico, chini ya miti, mwanga wa kuhesabu. Ndio maana iko na mchanga mwingi. Mwenye kupiga hakuwa amelala kazini.

Predator ilivyogeuzwa mshumaa

Hiyo version safi ya mzee iko na historia. Mwaka 2010 Predator ilitolewa upya kwa Blu-ray, toleo la Ultimate Hunter Edition. Kabla ya hapo kulikuwa na Blu-ray ingine yenye mchanga, na watu walikuwa wamelia vile vile kama yule kijana wa Leparua. Studio ikaskia, ikapitisha muvi yote kwa programu ya kupunguza chembe, tena kwa nguvu.

Matokeo? Mashabiki walishtuka. Ngozi za waigizaji zikawa kama nta ya mshumaa. Hii ni muvi ya majamaa wanakimbia msituni wakitoa jasho, wamepakwa matope, na sasa wanakaa ni kama wametoka saluni. Hiyo toleo mpaka leo inatumika kama mfano wa vile kazi inaharibiwa. Mwaka 2018 ilipotoka kwa 4K, chembe zikarudi, na nyuso zikarudi nazo.

Ungefikiria somo limeeleweka. Wapi! Mwaka 2024 James Cameron akatoa diski za 4K za Aliens, True Lies na The Abyss, na safari hii programu za AI ndizo zilitumika kusafisha na kunoa. Wengine walipenda, wengi wakalalamika kwamba nyuso za True Lies zinakaa kuchorwa. Cameron mwenyewe akazitetea, na ni haki yake, muvi ni zake. Lakini ona utofauti. Programu ya 2010 ilikuwa inafuta tu. Hii ya AI inafuta halafu inakisia kulikuwa na nini, inachora.

Mwaka 2025 ikafika kwa Netflix. Watu walifungua A Different World, ile komedi ya wanafunzi weusi wa chuo iliyotengenezwa kati ya 1987 na 1993, wakakuta nyuso zimepinda na maandishi ya ukutani yamekuwa herufi za ajabu ambazo hazisomeki. Picha iliongezwa ukubwa na AI. AI ilipokosa kujua kitu ni nini, ilibuni.

Hesabu ya mbuzi

Sasa utauliza, kama chembe ni muhimu hivi, kwa nini kila mtu anataka kuzitoa? Jibu ni doo.

Chukulia uko Nairobi na mzee wako yuko Leparua na mbuzi 60. Kila jioni anakupigia. Siku ya kwanza anakuelezea wote, rangi na pembe. Siku ya pili anasema tu, "Ni wale wale, mmoja amezaa." Simu ya sekunde kumi. Hivyo ndivyo programu za kubana muvi zinafanya kazi. Picha ya kwanza inatumwa yote, zinazofuata zinatuma tu kile kimebadilika.

Sasa chembe za filamu zinakaa tofauti kwa kila picha. Muvi inapita picha 24 kwa sekunde moja. Ni kama mbuzi wote 60 wamebadilishwa na wengine mara 24 kwa sekunde. Mzee hawezi sema tena "ni wale wale." Lazima aelezee wote upya. Simu inakuwa ndefu, kredo inaisha.

Ndio maana faili yenye chembe ni nzito. Diski moja ya Blu-ray ya kawaida inabeba GB 25, na picha yake inaweza kufika megabiti 40 kwa sekunde. Ile muvi ya MB 700 unawekewa kwa flash mtaani, kama ni ya masaa mawili, haifiki hata megabiti moja kwa sekunde. Muvi 35 za aina hiyo zinaingia kwa diski moja. Jina la faili linaweza sema 1080p, na pikseli kweli ziko zote, lakini ni kama gunia kubwa lenye mahindi kibaba moja. Gunia si uongo. Mahindi ndiyo hayako.

Kampuni za kustrimu pia zinajua hii hesabu. Netflix mwaka 2025 ilieleza vile inatumia mbinu ya AV1: inatoa chembe kabla ya kubana, inatuma maelezo mafupi ya vile zilikuwa, halafu simu ama TV yako inazitengeneza upya. Chembe hizo ni za kuiga, si zile za asili. Kwa sisi wa kununua bando za siku, hiyo naikubali kuliko nta, juu angalau mtu amekumbuka kwamba muvi ilikuwa na chembe. Shida ni kwamba kifaa chako lazima kielewe hiyo AV1, na TV nyingi za kitambo hazielewi.

Nani anapotea kwanza?

Hapa ndio nataka tusikizane, juu wasee wakisema hii ni kelele ya watu wenye TV kubwa, mimi nasema ni yetu kuliko yao.

Data ikiwa kidogo, sehemu za giza ndizo zinaumia kwanza. Programu inaona eneo jeusi, inasema hapa hakuna mengi, inalipaka rangi moja na kusonga. Unaona viboksi kwa ukuta, kwa anga ya usiku. Na unaviona kwa uso wa mtu mweusi amekaa kando ya moto. Shavu, paji la uso, kivuli chini ya macho, vyote vinakuwa doa moja la kahawia. Ukiongeza programu ya kufuta chembe juu ya hiyo, umemaliza mtu.

Na hii si mara ya kwanza mashine zinatusahau. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za picha zilipima rangi zikitumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka fiti, mashine iko sawa. Ngozi zingine zilitoka vile zilitoka. Kati ya malalamiko yaliyosukuma mabadiliko kulikuwa na ya watu wa fanicha na chokoleti, ati rangi za kahawia hazitofautiani. Yaani kabati ilisikizwa mapema kuliko sisi.

Kwa upande mwingine cheki Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025. Watu weusi, usiku, ndani ya ukumbi wa dansi Mississippi mwaka 1932, mwanga wa taa kidogo. Coogler aliamua kupiga kwa filamu, tena ile pana kabisa, na kamera ikawa kwa mikono ya Autumn Durald Arkapaw, mwanamke wa kwanza kupiga muvi kwa filamu ya IMAX. Filamu ikiwa pana, chembe zinaonekana ndogo, na ngozi inabaki ngozi. Ama Lupita wetu kwa 12 Years a Slave, hiyo pia ni filamu, ya milimita 35. Jasho na machozi yake unayaona juu chembe zilikuwa hapo kuyashika. Sasa chukua hizo muvi, zibane hadi MB 700, zipitishe kwa kisafishaji. Umebaki na story, lakini umetoa watu.

Shosho aliota meno

Kesho yake asubuhi beshte yangu akanionyesha kitu kwa simu. Picha ya nyanya yake, ya kitambo, moja tu iliyobaki. Imekwaruzika, iko na mchanga mbaya. Binamu yake alikuwa ameipitisha kwa app ya AI ya bure, ndio ikatoka 'HD', wakaichapisha kubwa ya kuweka ukutani.

Ni picha smart, siwezi danganya. Lakini mama yake beshte alipoiona alinyamaza, halafu akasema, "Huyu si mama yangu."

Kwanza, meno. Nyanya alikuwa Mturkana wa zamani, meno ya chini ya mbele yaling'olewa vile mila ilikuwa. App iliona pengo, ikalijaza. Shosho amekaa pale na meno yote, anatabasamu kama mtu wa tangazo la dawa ya meno. Pili, shanga. Kwa ile picha ya zamani, ukikaza macho unaona mistari ya shanga shingoni, moja juu ya ingine. Kwa ile mpya imekuwa kola moja laini, kama ya jezi.

App haikuwa na ubaya na mtu. Ilifanya kazi yake: palipo na chembe, weka kitu kinachofanana na kile ilisomeshwa. Na picha nyingi ilizosomeshwa si za wamama wa Turkana wa zamani.

Hiyo ndiyo hatari yangu na hii mambo ya 'safi'. Ukifuta chembe kwa Predator, Arnold hatakosa usingizi. Filamu asili iko, 2018 ilirudishwa. Lakini picha ya shosho ni moja. Je, wakiwa wameitupa ile yenye mchanga?

Na si picha za nyumbani tu. Kenya tuko na muvi zetu za enzi za filamu. Kolormask ya Sao Gamba, 1986. Saikati ya Anne Mungai, 1992. The Battle of the Sacred Tree ya Wanjiru Kinyanjui, ya miaka ya 1990. Tangu 2017 kuna mradi wa kuokoa filamu za Afrika, unaoendeshwa na Film Foundation ya Martin Scorsese pamoja na UNESCO na chama cha watengeneza filamu wa Afrika, FEPACI. Lengo lao la kwanza ni filamu 50. Watu kama hao wakirekebisha filamu wanarudi kwa utepe wenyewe, wanatoa mikwaruzo na vumbi, halafu wanaacha chembe. Ni kazi polepole na ni ghali. AI ni rahisi na haraka. Siku muvi zetu zitaletwa kwa 4K, hiyo ndiyo njia panda.

Hata hapa Isiolo kuna mfano wake. Born Free ya 1966, ile ya simba Elsa. George Adamson alikuwa afisa wa wanyamapori Isiolo, na Elsa alilelewa huko tangu 1956 kabla ya kuachiliwa Meru. Muvi ilipigwa Kenya, kwa filamu, na simba wengine, juu Elsa mwenyewe alikuwa amekufa 1961. Sasa manyoya ya simba na chembe za filamu, kwa macho ya programu, ni kitu moja: vitu vidogo vingi vinavyotingika. Ikishindwa kutofautisha, inafuta zote mbili. Simba anakuwa mdoli wa kulala na mtoto. Mtu wa Leparua anayejua simba anavyokaa hataamini hiyo kitu hata dakika moja.

Sasa ufanye nini?

Siwezi kukuambia ununue diski za 4K, mimi mwenyewe sina player. Lakini kuna vitu vya bure.

Moja, ingia kwa settings za TV yako. Ile sehemu ya kupunguza 'noise', zima. Sharpness, rudisha chini. Ile ya kulainisha mwendo, ambayo inafanya muvi ikae kama soap ya mchana, zima kabisa. Hata Tom Cruise mwaka 2018 alitoa vidio akiomba watu wazime hiyo kitu. Kama TV iko na Filmmaker Mode, chagua hiyo na umalize kazi.

Mbili, ukienda kwa mtu wa muvi, wachana na jina HD. Uliza faili ni GB ngapi. Muvi ya 720p ya GB 2 inaweza kupiga 1080p ya MB 700 asubuhi na mapema. Mambo ya nani analipwa kwa hizo muvi za flash, hiyo ni kesi nzito, na tutaileta siku yake.

Tatu, picha za nyumbani. Tumia app kama unataka, lakini ile asili usiitupe na usiifute. Ipige picha vizuri mchana, bila filter, iweke mahali mbili. Halafu onyesha mtu aliyemjua huyo mtu kabla hujaichapisha.

Usiku wa pili tulirudi kwa kibanda. Mzee aliniambia flash imejaa na Predator moja lazima itoke, nimwambie gani. Nikamwambia atoe ile ya nta. Yule kijana wa kwanza akakataa: hiyo ndiyo safi, watu hawawezi lipa mbao waone mchanga. Msee wa nyuma naye akasema yeye hataki kuona sanamu. Mzee akatuangalia wote, akafuta muvi ingine kabisa ambayo hakuna mtu alikuwa ameuliza, na zile Predator mbili zikabaki.

Beshte yangu naye amerudisha ile picha ya nyanya, yenye mchanga, pale ukutani. Ile ya meno iko chini ya kitanda.